Majina ya Ukoo na Miji Yenye Majina Hayo

Wasomaji wengi wamekwisha kusoma jinsi Dr. Livingstone na Bwana Stanley walivyokutana Ujiji katika mwaka wa 1871, wala hatutaki kuisimulia tena habari hiyo. Twataka kuonyesha jambo moja lililofichwa ndani ya majina yao. Katika nchi ya Uskoti uko mji uitwao Livingston, si mbali na Edinburgh. Na katika Uingereza viko vijiji kadhaa viitwavyo Stanley. Mtu aitazamaye ramani atasema upesi ya kwamba hapo ndipo walipotoka baba zao. Kumbe sivyo. Mtu angekwenda Livingston kuuliza habari za mababu wa Livingstone, au angekwenda Stanley kuuliza habari za mababu wa Stanley, angerudi mikono mitupu.

Tumeliwaza jambo hili kwa sababu watu wengi, hata vijijini kwetu, hutafuta habari za mababu zao, na alama ya kwanza waishikayo ni jina. Mtu akiona ya kuwa jina la ukoo wake ni jina la mlima fulani au mji fulani, moyo wake hutulia, hudhani amefika. Basi na tuyatazame majina machache ambayo habari zake zimeandikwa, tupate kujua jina laweza kumfikisha mtu wapi, na wapi humwacha njiani.

Mji wa Livingston ulipata jina kwa mtu. Katika karne ya 12 alikuwako bwana mmoja jina lake Leving, na mahali pake pakaitwa mji wa Leving. Baadaye wale waliomiliki mahali pale wakajiita watu wa Livingston, kwa jina la nchi yao. Hivyo jina lilikuwa limekwisha kuzunguka mara moja: kutoka kwa mtu kwenda kwa mji, na kutoka kwa mji kurudi kwa watu. Lakini David Livingstone hakuwa wa watu hao. Babu yake alikuwa mkulima katika Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi ya Uskoti, ambako watu walinena Kigaeli, na jina la ukoo wao kwa lugha hiyo lilikuwa na maana ya mwana wa mganga. Watu wa huko walipoanza kuandika majina yao kwa Kiingereza walilichukua jina Livingstone, nalo likawakaa kama nguo ya kuazima ambayo mwenyewe hakuja kuidai. (Na tazama ajabu: mjukuu wao akawa mganga kweli.) Tena Livingstone mwenyewe aliandika ya kwamba babu yake aliweza kusimulia habari za vizazi sita vya ukoo wao. Kilichomwonyesha asili yake, basi, si jina. Ni kinywa cha babu.

Babu huyo aliondoka Ulva kwenda Blantyre, penye kinu cha pamba, na hapo ndipo David alipozaliwa katika mwaka wa 1813. Wenzetu wa Malawi wanajua kwao mji mkubwa uitwao Blantyre. Ulianzishwa na wamisioni wa Uskoti katika 1876, nao wakaupa jina la kijiji kile cha Ulaya kwa heshima ya Livingstone. Zambia nako, karibu na maporomoko makubwa ya Zambezi, uko mji uitwao Livingstone. Mtu aliyezaliwa hapo akijiita kwa jina la mji wake, mgeni atamdhania kuwa mjukuu wa Mskoti.

Habari ya Stanley ni fupi zaidi. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka wa 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alipokuwa kijana alivuka bahari hata New Orleans katika Marekani, na huko akajitwalia jina la mfanyi biashara tajiri aliyeitwa Stanley. Mwenyewe aliandika ya kuwa tajiri huyo alimfanya mwana. Waliochunguza baadaye wameitilia shaka habari hiyo. Lakini hata ikiwa kweli, damu ya akina Stanley hakuwa nayo. Wako mabwana wakubwa wa Uingereza waitwao Stanley, na jina lao kwa hakika latoka katika kijiji cha Stanley kilichoko Staffordshire. Huyu wetu hakuhusiana nao kwa lolote. Ndipo jina lile la kujitwalia likavuka tena bahari likaja Kongo, likawekwa juu ya mji, na mji ukaitwa Stanleyville hata mwaka wa 1966 ulipopewa jina la Kisangani. Watu wa Kongo wao walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Wala hawakujua ya kwamba jina Stanley lenyewe, kwa Kiingereza cha kale, maana yake ni uwanda wa mawe.

Basi mtu akikuta jina moja limekaa juu ya watu na juu ya mahali, na aulize kwanza: jina hili lilikuwa likisafiri kwenda upande gani? Je, mahali ndipo palipompa mtu jina, au mtu ndiye aliyepapa mahali? Au jina limetoka kwa mtu likaenda kwa mtu mwingine asiyekuwa wa damu yake, na mahali pamekuja nyuma yake tu? Swali hili si la wasomi peke yao. Watu wameshindania mashamba kwa ajili ya majina, na wengine wamekataliwa urithi.

Pwani yetu tunao mfano wa zamani. Tangu kale wako watu waitwao Washirazi, na Shirazi ni mji wa Uajemi. Wazee wa Kilwa na miji mingine wamesimulia ya kuwa baba zao walitoka huko kwa majahazi. Wataalamu wengi walilicheka neno hilo, wakisema ni jina la kujitukuza tu. Katika mwaka wa 2023 wachunguzi walitoa habari za mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika nchi hizi, wengi wao katika miji ya pwani, wakipima asili iliyomo ndani ya mifupa yenyewe. Waliona ya kwamba kweli wanaume wa Uajemi walichanganyika na wenyeji, yapata mwaka wa 1000. Lakini waliona na neno la pili ambalo jina Shirazi halilisemi: ya kwamba mama za watu hao walikuwa karibu wote Waafrika, na katika miili ya wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilitoka kwa mama hao. Jina lilisema kweli, na huku likanyamaza juu ya nusu ya ukoo. Ndivyo yalivyo majina yafuatayo baba: hutaja mlango mmoja wa nyumba, na nyumba ina milango miwili.

Sasa twende kwenye jina ambalo njia yake imefuatwa hatua kwa hatua kuliko karibu majina yote tuyajuayo, nalo ni Washington.

Kaskazini ya Uingereza, katika nchi iliyokuwa ya Durham, kiko kijiji cha kale cha Washington, ambacho zamani kiliandikwa Wessyngton. Mwaka wa 1183 Askofu wa Durham aliamuru mali zake zote na kodi zake ziandikwe kitabuni, kijiji kwa kijiji. Kitabu hicho kingaliko. Ndani yake imeandikwa ya kuwa bwana mmoja, William wa Hertburn, aliiacha nchi yake ya Hertburn, akapewa Wessyngton kwa kubadilishana, isipokuwa kanisa na ardhi ya kanisa. Na kodi yake ni pauni 4, pamoja na kwenda katika mawindo makubwa ya Askofu na mbwa 4. Tangu hapo William akaacha kuitwa wa Hertburn, akaitwa wa Wessyngton. Hayo ndiyo yote. Hakushinda vita, wala hakujenga mji. Alibadilisha shamba kwa shamba. Kama Askofu angekataa, mji mkuu wa Marekani leo labda ungeitwa Hertburn.

Katika siku hizo jina la namna hii lilikuwa jepesi kuvuliwa. Mtu alihama, na jina likahama. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuitwa kwa majina ya vijiji viwili. Tena wakulima wa Washington hawakuitwa Washington wakiwa kwao, maana jina ambalo kijiji kizima chaweza kuitwa halimtambulishi mtu. Aliyeitwa hivyo ni bwana wa shamba, au yule aliyetoka kijijini akaenda kukaa ugenini. Sisi nasi tunaijua desturi hii. Mtu hawi Mngazija mpaka aondoke Ngazija.

Na tena, upande wa kusini wa Uingereza, katika Sussex, kiko kijiji kingine kiitwacho Washington. Majina ni mamoja, nchi ni mbalimbali, na mtu mwenye jina hilo akitazama ramani tu hawezi kujua alitoka kipi.

Basi watoto wa William wakaenea. Wengine walibaki, na jumba la Washington likakaa mikononi mwa wazao wao hata 1613. Wengine walivuka milima kwenda magharibi, na baada ya miaka mingi twawakuta Warton, katika Lancashire. Huko Warton alizaliwa Lawrence Washington, yapata mwaka wa 1500. Huyu alikwenda Northampton, akafanya biashara ya sufi ya kondoo, akatajirika, akachaguliwa kuwa mkuu wa mji mara mbili, katika 1532 na 1545. Wakati huo Mfalme Henry wa Nane alikuwa amezifunga nyumba za watawa na kuzitwaa ardhi zao, naye Lawrence katika 1539 alinunua kwa Mfalme ardhi ya Sulgrave iliyokuwa ya watawa wa Mtakatifu Andrea wa Northampton, kwa bei ya pauni 324, shilingi 14 na peni 10. Hapo akajenga nyumba ya mawe, na alama ya ukoo wake ikachorwa mlangoni: nyota 3, na chini yake mistari 2. Nyumba hiyo ipo hata leo. Ilinunuliwa mwaka wa 1914 kwa michango ya watu, ikafunguliwa kwa wageni katika 1921. Na alama ile ya nyota na mistari, mji wa Washington katika Marekani uliifanya bendera yake katika 1938.

Sulgrave yenyewe haikukaa sana mikononi mwao. Mwaka wa 1610 wazao wake waliiuza kwa jamaa. Mmoja wa wazao hao, Lawrence wa pili, aliyezaliwa 1602, alisoma Oxford, akawa kasisi, na katika 1633 akapewa kanisa la Purleigh katika Essex. Vita vya Mfalme na Bunge vikaja. Katika 1643 watu wa Bunge wakamtoa katika kanisa lake kwa kuwa alishikamana na Mfalme, naye akafa katika umaskini. Mwanawe John akaingia baharini. Mwaka wa 1656 alisafiri kwa merikebu ya biashara iliyokwenda Virginia kuchukua tumbako, na mwanzo wa 1657, ikiwa tayari kurudi, merikebu ilikwama katika mto Potomac. John akakaa huko huko, akaoa, akapata ardhi. Yeye ndiye baba wa babu wa George Washington aliyezaliwa 1732 na kuwa rais wa kwanza wa Marekani.

Ukiisoma hivi, habari yaonekana nyepesi: Hertburn, Washington, Warton, Sulgrave, Purleigh, Virginia, kama vituo vya reli. Lakini kabla ya 1889 hapakuwa na mtu aliyeweza kuionyesha yote kwa hakika, ingawa mwenye jina alikuwa mtu mashuhuri kupita wote wa nchi yake.

Katika 1791 Sir Isaac Heard, mkuu wa ofisi ya London inayotunza nasaba za mabwana, alimwandikia rais akimwuliza juu ya mababu zake. George Washington akamjibu katika 1792, akakiri ya kuwa hakuliangalia sana jambo hilo. Ila wazee wa ukoo walikuwa wakisema ya kwamba babu yao wa kwanza alitoka upande wa kaskazini ya Uingereza, Lancashire au Yorkshire au mbele zaidi. Na huku tumeona ya kuwa John baharia alikuwa mtoto wa kasisi wa Essex, nchi ya kusini-mashariki! Je, wazee walidanganya? Hata kidogo. Walivisahau vituo vya karibu, Purleigh na Sulgrave, wakakishika kile cha mbali, nchi ya Lancashire na Durham walikotoka kwanza. Kumbukumbu ya wazee mara nyingi hufanya hivyo, na anayeipima kwa kituo kimoja tu huitupa bure.

Sir Isaac na waliomfuata walitafuta katika hati, wakakuta katika ukoo wa Sulgrave ndugu wawili, John na Lawrence. Waliokwenda Virginia nao walikuwa ndugu wawili, John na Lawrence. Wakafurahi, wakaandika nasaba, na watu wakaikubali miaka mingi. Mwaka wa 1866 Mmarekani mmoja, Joseph Lemuel Chester, akaivunja. Alionyesha ya kuwa yule John wa Uingereza alikuwa Sir John, mwenye jamaa yake mbali kabisa, na yule Lawrence alikuwa kasisi, wala hawakuwa hao waliokwenda Virginia. Jina la ukoo lilikuwa sawa, mahali palikuwa sawa, hata majina ya ndugu wawili yalikuwa sawa. Na bado watu hawakuwa wenyewe.

Kilichofungua fundo ni wosia wa mtu ambaye hakuitwa Washington kabisa. Katika kijiji cha Tring alikaa mzee Andrew Knowling, na wosia wake ulithibitishwa katika 1650. Mmarekani mwingine, Henry Waters, aliyekuwa akizipekua hati za London, aliusoma. Mzee yule aliacha ardhi yake kwa mtoto wake wa ubatizo, Lawrence Washington, akawaachia fedha ndugu zake pia, na kati yao John na Martha. Mama yao ni Amphillis, mtoto wa kambo wa mzee huyo. Hati nyingine ikaonyesha ya kuwa mwanzo wa 1656 John ndiye aliyepewa na baraza kusimamia mali ya mama yake aliyefariki. Mwaka uliofuata yuko Virginia. Na kule Virginia alikuwako dada yao, jina lake Martha. Na mume wa Amphillis ni nani? Ni yule kasisi Lawrence, ambaye Sir Isaac alimdhania kuwa mhamiaji mwenyewe. Kumbe alikuwa baba wa wahamiaji. Waters akayatoa hayo katika 1889. Basi nasaba inayojulikana kwa jina la baba ilithibitishwa kwa upande wa mama, kwa hati ya mzee wa jina jingine, katika kijiji ambacho mfuata jina asingekipitia kamwe.

Twaweza kutaja hapa mfano wa rais mwingine, Lincoln, kwa maneno machache. Lincoln ni mji mkubwa wa Uingereza. Lakini Samuel Lincoln, babu wa Abraham Lincoln aliyehamia Marekani katika 1637, alitoka Hingham katika Norfolk, akaenda kukaa kijiji kipya cha Massachusetts ambacho watu wa Hingham walikuwa wamekipa jina la kwao. Anayewatafuta watu hao na asiende Lincoln. Aifuate Hingham kwa Hingham.

Tulikuwa tumesema juu ya jina kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu asiyekuwa wa damu yake. Jina Washington lilifanya hivyo, na sehemu hii ndiyo iliyotugusa zaidi.

George Washington alikuwa na watumwa. Alipokufa mwaka wa 1799, katika mashamba yake ya Mount Vernon walikuwako watu 317 katika utumwa; 123 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe, nao aliandika katika wosia waachwe huru, wakatoka tarehe 1 Januari 1801. Katika daftari za shamba wengi wao wameandikwa jina moja tu, bila la ukoo. Mtu mmoja hakungoja wosia. Aliitwa Harry, amezaliwa katika nchi ya mto Gambia, Afrika ya magharibi, akanunuliwa na Washington katika 1763. Vita vya Wamarekani na Waingereza vilipoanza, Harry alikimbia katika 1776 akaenda upande wa Waingereza. Vita vilipokwisha walimchukua hata Nova Scotia, naye huko akaitwa Harry Washington. Mwanzo wa 1792 akapanda merikebu pamoja na watu huru wapatao 1,190, wakashuka Freetown katika Sierra Leone. Kwa hiyo mwaka ule ule rais alipokuwa akimjibu Sir Isaac juu ya mababu zake wa kaskazini ya Uingereza, jina lake lilikuwa limekwisha kufika Afrika, juu ya mtu aliyejua kwa hakika alikozaliwa.

Booker T. Washington nanyi mwamjua, aliyeanzisha shule ya Tuskegee katika 1881. Alizaliwa mtumwa huko Virginia katika 1856. Baada ya kuwekwa huru alikwenda shule, na mwalimu alipokuwa akiita majina alisikia ya kuwa kila mtoto ana majina mawili au zaidi, na yeye analo moja tu, Booker. Zamu yake ilipofika akajibu kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington, kana kwamba ameitwa hivyo siku zote. Baba yake wa kambo aliitwa Washington, lakini kama jina lake mwenyewe la kwanza, si la ukoo. Katika kitabu cha maisha yake Booker asema ya kuwa juu ya mababu zake hakujua karibu neno lolote.

Watu wa jina hili sasa ni wengi sana. Katika hesabu ya watu wa Marekani ya mwaka wa 2000, walioitwa Washington walikuwa zaidi ya 160,000, na katika kila watu 10 wa jina hilo, 9 walikuwa Weusi. Basi mtu akichukua jina hili leo na kulifuata nyuma hata jumba la Durham, katika watu kumi atakuwa amewapoteza tisa. Jina lao halikutoka katika kijiji cha Askofu. Lilichaguliwa siku ya uhuru, au kabla yake kwa siri, na watu walionyang'anywa jina la kwanza. Wengine wamedharau jina la namna hii na kuliita la kuazima. Sisi hatuoni hivyo: Harry na Booker walijitwalia wenyewe, na William wa Hertburn naye alilipata lake kwa kubadilisha shamba.

Mambo haya hayako mbali nasi. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika Kisauni, kiko kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa na wamisioni katika 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Jina ni la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja katika 1873 kwa shauri la kukomesha biashara hiyo. Hapana hata mmoja pale aliyekuwa mtoto wa Frere. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, na watoto wao wakaitwa watu wa Frere Town. Mjukuu wa watu hao akiulizwa kwao ni wapi, akitaja Frere Town asema kweli. Lakini nyuma ya Frere Town liko jahazi, na nyuma ya jahazi iko njia ya miguu, na mwisho wake kiko kijiji ambacho pengine bibi alikitaja mara moja tu.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wenye wazee wa asili hiyo wawaulize mapema, wala wasiulize jina la ukoo peke yake. Na waulize jina la mto waliochota maji, la mlima uliokuwa mbele ya nyumba, la mama na la mjomba, na neno walilotumia kuitia moto au mvua. Maneno hayo hayana faida ya kubadilishwa, na ndiyo sababu mara nyingi hubaki yalivyo.

Mfano ni Kasisi William Jones. Alichukuliwa utumwani akali mtoto, akaokolewa, akalelewa India katika shule ya Sharanpur karibu na Nasik, kisha akarudi pwani yetu kufanya kazi ya misheni. Mwaka wa 1885 Askofu Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi, akasafiri naye kwenda Uganda, akamwacha Kavirondo pamoja na wapagazi wengi. Askofu alipouawa mwezi wa Oktoba, Jones ndiye aliyewarudisha watu waliosalia hata Rabai, wakafika mwezi wa Februari 1886. Jina Jones ni la watu wa Wales, na maana yake ni mwana wa Yohana. Tena ni la kawaida mno huko, hata mtafutaji angeweza kukaa mwaka mzima katika daftari za makanisa yao akisoma habari za akina Jones. Lakini pamoja na jina hilo watu hawakuacha kusema ya kuwa yeye ni Myao, na neno hilo moja laelekeza njia upande wa kusini, kuvuka mto Ruvuma, hata nchi iliyo mashariki ya Ziwa Nyasa.